Vumbi la Jumatatu

Mayu,

Mwangaluka. Najua marehemu haulizwi hali, lakini wewe hukuwa mtu wa kusikiliza habari za asiyekusalimu, hata kama amekuja kukwambia nyumba inaungua. Kwa hiyo mwangaluka, mama yangu. Ni Jumapili asubuhi. Kabula yuko uani anafua, na mimi nimejifungia chumbani kwako, najifanya nasahihisha kazi za wanafunzi.

Naogopa. Nilitangulize hilo kabla sijaanza kujieleza kama mwalimu. Namwogopea Kabula. Kesho ni Jumatatu, na tangu msimu huu wa pamba uanze sijapata Jumatatu ya amani.

Nikupe habari za nyumbani kwanza, maana ungeziulizia. Yule ng'ombe wako wa pembe moja kule Sapiwi amezaa ndama jike. Jirani muuza dagaa wa Lamadi bado anakutengea fungu kwa mazoea, halafu anakumbuka, analirudisha kwenye sinia bila kututazama. Mimi nafundisha hisabati na fizikia shule ile ile ya kata. Na Kabula, kitinda mimba wako, amechukua nafasi yako jineri, pale wanapochambua pamba.

Msimamizi alikuja msibani, akala, akatoa pole, na kabla ya kuondoka akatuambia nafasi ya mama yenu ipo, msimu ukifunguliwa mmoja wenu aje. Hakumaanisha mimi. Kabula hakuwa na kazi, na alikuwa anataka kukanyaga pale ulipokanyaga wewe. Siku ya kwanza alijifunga usoni kanga yako, ile nyekundu iliyopauka mpaka maandishi yake hayasomeki. Alipotoka mlangoni nikashtuka, kwa sababu kuanzia pua kwenda juu ni wewe mtupu.

Jioni alirudi mweupe kama ulivyokuwa unarudi. Pamba kwenye nyusi, pamba masikioni, pamba kwenye kope. Akanywa kikombe cha maziwa mgando akiwa amesimama, kama ulivyotufundisha, kwamba maziwa yanaosha kifua. Wanawake wote wa jineri wanakunywa. Wamama wa maziwa bado wanakaa pale getini na ndoo zao, na wafanyakazi wanatoka wanapanga foleni kama watoto wa kliniki. Nilifurahi kumwona anakunywa. Nilidhani angalau kuna kitu kimoja cha kwako kinamlinda.

Halafu ikaja Jumatatu iliyofuata. Alirudi akiwa ameshika kifua, anapumua kwa juujuu, hawezi kumaliza sentensi. Alisema kuna kitu kimemkalia hapa katikati, kizito, kama mtu. Jumanne kikapungua. Jumatano akawa anaimba bafuni. Nikasema ni uchovu. Jumatatu nyingine kikarudi, kizito vilevile, saa zilezile za mchana, na Jumatatu iliyofuata tena.

Wewe ulifariki Jumatatu, Mayu. Hakuna aliyehitaji kutukumbusha, lakini Shangazi Nyamizi alitukumbusha. Alikuja kutoka Zagayu na kuku wawili na maneno mengi. Akasema dada mtu wa namna gani mimi, nasomesha watoto wa watu na sioni mama anavyomwita mwanawe mdogo. Akasema, "Mama yenu hajatulia. Anamkalia mtoto kifuani, anataka kitu." Tukaenda Sapiwi, kaburini kwako. Pombe ikamwagwa, mbuzi akachinjwa, Shangazi akaongea na wewe kwa Kisukuma cha zamani ambacho nusu yake sikuielewa. Mimi nilisimama nyuma nikiwa nimekunja mikono, na moyoni nilikuwa nakubembeleza kuliko wote. Kama ni wewe, nilisema, mwachie. Nichukue mimi ikiwa ni lazima, lakini huyu mwachie.

Jumatatu kikambana tena.

Hapo ndipo hofu yangu ilipobadilika. Mpaka siku ile nilikuwa naogopa kwamba Shangazi yuko sahihi. Sasa nikaanza kuogopa kwamba hayuko sahihi, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu mama anayembana mwanawe unaweza kumwomba. Nilikaa jikoni nikakumbuka Jumatatu zako. Ulikuwa unarudi unakaa kwenye kizingiti, mkono kifuani, na tukikuuliza unacheka, unasema Jumatatu kifua kinagoma kufanya kazi kwa sababu kimeonja Jumapili. Tulicheka na wewe. Kwa miaka mingi kilikuwa kinagoma Jumatatu tu. Baadaye kikaanza kugoma na Jumanne. Mwishoni siku zote zilikuwa Jumatatu. Ulipimwa makohozi, wakasema si TB, ukashukuru Mungu, ukarudi kufagia chini ya mashine. Na wakati huo hakukuwa na marehemu yeyote aliyekuwa anakukalia.

Wiki ile darasani nilikuwa nafundisha namba ndogo. Unakumbuka ulivyonicheka uliponikuta nahesabu sifuri kwa ncha ya kalamu? Ukasema kazi gani hii ya mtu mzima, kuhesabu mayai yasiyo na kitu. Basi, kuna njia ya kukwepa hizo sifuri. Kitu kidogo sana unakiandika kwa namba fupi, ukizidisha kwa kumi yenye kipeo hasi. Kadiri kipeo hasi kinavyozidi, ndivyo kitu kinavyozidi kuwa kidogo. Wanafunzi hawapendi kabisa. Kwao sita ni sita, haiwezekani ikawa ndogo kuliko moja.

Nilichoka kuwapa mifano ya vitabuni, kwa hiyo nilibeba vya nyumbani. Nilichukua kanga yako, na nilichukua kilemba cha Kabula kabla hajakikung'uta. Shule yetu ina hadubini moja, ya zamani, lakini inaona. Kwanza niliweka rula ya plastiki chini ya lenzi ndogo, ili nijue eneo ninaloliona lina upana gani. Halafu nikaweka pindo la kanga yako.

Sikujiandaa, Mayu. Kanga yako ikiwa mkononi ni nguo. Chini ya ile lenzi ni uzio. Nyuzi zimepishana kama miti ya zizi, na kati ya nyuzi na nyuzi kuna matundu, na mwanga unapita kwenye kila tundu. Nikapima tundu moja, na la pili, na la tatu. Yanakaribiana: mita 1.2 × 10⁻⁴. Halafu nikakung'uta kilemba juu ya kioo kisafi, nikabadilisha lenzi, nikatafuta. Vipo vipande virefu vya nyuzi, vile vinakwama hata puani. Lakini kati yake kuna vumbi jingine laini, la majani makavu ya pamba na sijui nini, vipande vidogo sana. Nikapima nilivyoweza: mita 6 × 10⁻⁶.

Nikaandika namba zote mbili ubaoni, nikauliza kipi ni kikubwa, tundu au vumbi. Darasa zima likaniambia vumbi. Limi, msichana wangu anayekaa mbele, akasimama akaeleza vizuri kabisa: "Madamu, sita ni kubwa kuliko moja nukta mbili. Na kipeo sita ni kikubwa kuliko kipeo nne. Vumbi linazidi pande zote, halipiti." Wenzake wakampigia makofi. Limi mama yake pia yuko jineri, ndiyo maana alisimama haraka vile.

Nilitamani awe sahihi. Kwa muda nilishika chaki nikayatazama yale makofi, nikawaza, ingekuwaje tungeacha hivyohivyo. Halafu nikawaambia huwezi kulinganisha vitu viwili mpaka uviweke kwenye kipeo kimoja. Tukalihamisha tundu. Moja nukta mbili mara kumi kwa hasi nne ni sawa na mia na ishirini mara kumi kwa hasi sita. Sasa viko kwenye ngazi moja: tundu mia na ishirini, vumbi sita. Gawanya. Ishirini.

Vipande ishirini vya vumbi vinaweza kupita kwenye tundu moja la kanga yako vikiwa vimepangana bega kwa bega. Limi aliendelea kusimama, hakujua kama anaruhusiwa kukaa.

Niliporudi nyumbani nilimwambia Kabula. Nilimwambia vibaya, kwa pupa, na zile namba zangu mdomoni, na ilikuwa Jumatatu, na alikuwa anapumua kwa shida. Nilimwambia kanga haizuii kitu. Nikamwambia na maziwa hayaoshi kifua, yanapita njia ya chakula, hayajawahi hata siku moja kukutana na lile vumbi. Aliniangalia kama nimekutukana wewe. Alisema, "Mama alijifunga hii na alikunywa maziwa misimu yote hiyo. Unataka kusema alikuwa anajidanganya?" Akasema tena, pole pole kwa sababu pumzi ilikuwa haitoshi, kwamba mimi nina hesabu zangu na yeye ana mama yake. Akaenda kulala mapema, na mlango akaufunga.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa ovyo. Nilikuwa nafundisha huku nasikiliza king'ora cha jineri. Nilikuwa namsikiliza anapolala. Kila akikohoa nilijiuliza hiki ni kikohozi cha ngazi gani, ni kile chako cha mwanzo au kile cha mwishoni. Nilimwona anakwenda kwa miguu yake kwenye njia uliyokwisha kuipita, na amevaa nguo yako, na anajisikia salama kwa sababu ni yako.

Halafu mkanda wa mashine kubwa ukakatika. Mafundi wakasubiri mwingine kutoka Mwanza, na jineri ikalala, geti limefungwa, wamama wa maziwa wamerudi na ndoo zao. Jumatatu ikaja wakati mashine zimelala. Alasiri nilimkuta Kabula ameketi kitandani, amevaa vizuri, amejifunga kanga yako mabegani. Nikamuuliza kifua. Akasema, "Chepesi." Akaanza kulia. Nilimkumbatia, nikasema asante Mungu, nikadhani analia kwa nafuu. Tukatwanga karanga wote mpaka jioni, na muda wote akipumua vizuri kama ndama.

Mkanda ulifika, kazi ikaanza tena siku ya Alhamisi. Alhamisi ile ile mchana Kabula aliletwa na mwenzake amemshika mkono, kile kitu kimemkalia kifuani, kizito kuliko Jumatatu zote. Nikamketisha pale kizingitini pako. Sikutaja namba hata moja. Nilimwambia tu, "Kabula, leo ni Alhamisi." Akaelewa, nikaona anavyoelewa, na uso wake ulivyoanguka uliniogopesha kuliko ile pumzi.

Jumamosi alikubali kuja shule. Nilimwekea kanga yako kwenye hadubini, akainama, akafumba jicho moja. Alikaa hapo mpaka shingo ikamuuma. Nilimwekea vumbi lake mwenyewe kwenye kioo kingine. Hakuuliza kuhusu vipeo. Aliuliza kitu kimoja, kama wewe ulijua. Nikasema hapana. Sijui kama nilisema kweli, Mayu. Nadhani ulijua kitu, kwa sababu hukuwahi kuturuhusu kukuletea chakula ndani, ulikuwa unatoka mwenyewe mpaka getini.

Nilimwonyesha pia barakoa, ile ngumu inayobana pembeni, niliyoipata kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni. Boksi lake linasema inakamata mpaka kitu cha mita 3 × 10⁻⁷. Vumbi letu la sita kwa hasi sita ukiliweka kwenye kipeo hicho ni sitini dhidi ya tatu. Ishirini tena, ila safari hii ishirini iko upande wetu. Ikiwa boksi linasema kweli. Ikiwa imekaa vizuri usoni. Ikiwa aliyeivaa haivui kwa sababu ya joto. Nimekuwa mtu wa ikiwa, Mayu, hunijui tena.

Tukaenda hospitali. Daktari alikuwa kijana, mpole. Alimpulizisha Kabula kwenye kimashine, akasikiliza mgongo, akauliza ni siku gani kinabana zaidi. Kabla sijafungua mdomo Kabula akamjibu, "Siku ya kwanza ya kazi." Hakusema Jumatatu. Daktari akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekutana na jambo analolifahamu. Akasema kifua hiki bado kinaweza kurudi kuwa kizima, lakini asiingie tena ndani kwenye mashine, kwa sababu kikizoea kubana hakitasubiri siku ya kwanza. Nikamuuliza kama ana uhakika kitarudi. Akasema tutaona. Akauliza kama kuna mtu mwingine kwenye familia aliyewahi kuwa hivi. Tukatazamana, mimi na Kabula, na sikumbuki ni nani aliyejibu.

Msimamizi nilimfuata mwenyewe. Sikwenda na heshima zote, utanisamehe. Nilisimama mbele ya meza yake mpaka akamhamishia Kabula nje, kwenye mizani, wakulima wanakoshushia pamba, kwenye hewa. Anaanza kesho. Kuhusu barakoa kwa waliobaki ndani amesema atafikisha mbele. Kila siku napita kumuuliza ameifikisha wapi. Mama yake Limi yuko bado chini ya zile mashine, na kanga yake.

Ungesema basi, mwanangu, si mmeshamaliza, mbona bado unaogopa. Naogopa kwa sababu ya alichoniambia tulipotoka hospitali.

Tulikuwa tunatembea, pikipiki tumezikataa, anataka hewa. Akasema, "Dada, ile Jumatatu mashine zimelala, mimi nilikuwa namsubiri." Nikamuuliza nani, ingawa nilijua. Akasema alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Alikuwa amevaa. Alijua utakuja kumkalia, na alikuwa amepanga asilalamike, asishike kifua, akae tu na wewe. Ukachelewa. Mchana ukapita. Pumzi ikawa inaingia na kutoka bila kizuizi, na hapo ndipo alipojua hauji. Ndiyo maana alilia. Akasema, "Kilikuwa kinaniuma, lakini nilikuwa najua ni yeye. Wewe umenionyesha ni vumbi. Sawa. Sasa mama yuko wapi?"

Mimi niliyempimia tundu na vumbi, sikuwa na kipimo cha hilo. Nikamshika mkono, tukatembea mpaka nyumbani.

Kwa hiyo barua hii ni ya kukuomba, si ya kukufundisha. Kama wewe hukuwa kile kitu kifuani, nashukuru, na nisamehe kwa siku nilizokudhania. Lakini mwanao ana njaa yako, Mayu, mpaka alikuwa tayari kukupokea kwa namna ile. Naogopa kesho. Sijui kifua chake kitaamkaje. Na naogopa kitu ambacho siwezi kumwambia daktari, kwamba siku moja upweke utamzidi, ataona mlango wa kwenye mashine uko wazi, na atarudi mle ndani kukutafuta. Kama huko mliko mna ruhusa yoyote, mjie usingizini. Mjie kwa harufu ya karanga. Chagua unachotaka, ila kiwe nje ya kifua chake.

Nimesikia anamwaga maji, amemaliza kufua. Lazima nitoke kabla hajaniuliza nalia nini.

Kwaheri, mama yangu. Ulale vizuri pale Sapiwi, na upande wako nitaupalilia mvua zikianza. Upande wa mwanao nakuahidi hivi: kila Jumatatu nitaamka kabla yake, nitakaa kitandani pake, nitamuuliza kifua kinaendeleaje, na nitasubiri mpaka anijibu. Akisema kizito, nitambeba mgongoni mpaka hospitali. Akisema chepesi, akaanza kulia, nitalia naye.

Mwanao,
Minza